Redio Iliyoachwa Imewaka

Mimi ndiye niliyekuwa nikimaliza betri za redio ya baba. Nimelikana jambo hili mbele ya baba, mbele ya mama, na mbele ya padri ambaye nilimwungamia dhambi ndogondogo za kutosha ili asipate nafasi ya kuuliza juu ya kubwa. Baba amekufa akiamini kwamba ni Koku. Nami ningezikwa nalo, kama simu yangu isingeanza kupata moto.

Ilianza taratibu. Asubuhi naichomoa kwenye chaji ikiwa imejaa, nachemsha chai, nikirudi imebaki nusu, na mgongo wake una joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango. Nikapunguza mwanga wa kioo. Jirani akanishauri niiweke kwenye friji, nikailaza karibu na nyanya kwa robo saa, ikatoka inatoa jasho na chaji imeshuka zaidi. Kisha, na hili nalisema nikijua kwamba nina shahada mbili ukutani, nikaanza kuianika. Sikuamua. Mkono wenyewe ulikuwa ukiichukua kila inapokaribia kuzima na kuilaza dirishani, penye jua kali la saa sita, na mimi narudi kwenye maandishi yangu nikiwa na amani ya mtu aliyefanya kitu cha maana.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu mtaa wa Mabatini. Anaitwa Nyanzala, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana meza ya kioo barazani mwa duka la vitenge na taa ndogo kichwani kama mchimba dhahabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu yangu inachemka, na haikai na chaji."

Akaivua kava lake la manyoya, zawadi ya binti yangu. "Kwanza umeivalisha sweta. Mwanza hii!" Akailaza juu ya kioo na kuisukuma kwa kidole kama mtoto anayezungusha pia ya kuchezea. Ikagoma kuzunguka. "Afadhali. Betri ingekuwa imevimba, ingezunguka. Chaja ni yake?"

"Ni ya kununua barabarani."

"Tupa. Na ukiwa nyumbani huwa unaiweka wapi?"

"Dirishani."

"Kwenye jua?"

Nikajifanya nasoma bei za vitenge.

"Mama, unaianika?" Wateja wawili waligeuka. "Jamani, simu si dagaa!"

Nikajitetea kwamba zamani betri za redio tulizianika na zikapata nguvu. "Zile zilikuwa mawe, mama," akasema kwa upole ambao ulinizeesha kuliko kicheko. "Hii inataka kivuli, kama maziwa."

Halafu akafungua mahali ambapo mimi sijawahi kufika, kwenye orodha inayoonyesha kila programu imekula chaji kiasi gani, akapitisha kidole hadi juu kabisa na kusimama. "Mwizi wako huyu hapa. Redio."

"Mbona sisikilizi redio?"

"Husikilizi, lakini inapiga. Wiki nzima sasa. Umeshusha sauti hadi mwisho ukadhani umeizima. Yenyewe inaendelea kule ndani, inavuta bando, inavuta chaji, inachemsha simu, na wewe husikii kitu." Akaizima. "Nani aliiwasha?"

"Watoto," nikasema.

"Una watoto wadogo nyumbani?"

Sina. Wa mwisho ameolewa Sengerema, na hata mjukuu bado. Jibu lilikuwa limetoka lenyewe, limelainika kwa kutumika miaka mingi. Nyanzala akanirudishia simu mkononi bila sweta yake, ikiwa bado ya moto, ikinuka ile harufu ya plastiki iliyopashwa joto kwa ndani. Nikaijua harufu hiyo kabla sijakumbuka niliijulia wapi. Ni ya mgongo wa redio, chini ya kitambaa cha kufuma, mchana, wakati hakuna mtu sebuleni.

Tuliishi hapohapo Mabatini, juu zaidi, pale ambapo nyumba huanza kuyaomba majabali ruhusa ya kupita. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na jiwe pana lililolala kama meza. Mama alianika mihogo na dagaa upande mmoja, na upande wa pili, kila Jumamosi baada ya chai, nilianika betri za redio. Zilikuwa nne, nene. Kwa kuwa watu wengi waliziita mawe ya redio, niliamini kwamba zinanyonya nguvu kutoka kwenye lile jiwe kubwa, ambalo ni mama yao. Ndiyo maana niliona ni lazima zilale zimeligusa vizuri, na nilimfukuza kila mjusi aliyethubutu kukatiza katikati yao. Nilizigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Nilizipima kwa shavu: zikiuma kidogo, zimeiva. Nikazishusha kwa baba, karani wa ghala la pamba, mtu asiye na maneno mengi. Akazipanga, akawasha, sauti ikatoka imejaa. "Umezifufua, binti yangu," alisema. Sikuhitaji sifa nyingine wiki nzima.

Kisha akaja Koku. Alishuka kwenye meli ya Bukoba akiwa na sanduku la bati na kopo la senene wa kukaanga, binti wa shangazi yangu, dada yake baba. Alinizidi mwaka mmoja na, kwa maoni yangu ya wakati ule, alinizidi pia kila kitu ambacho mtu anaweza kuzidiwa bila kufa. Tuliambiwa kwamba shangazi anaumwa, na Koku atakaa kwetu hadi mama yake apate nafuu. Neno la kwanza sikulishika sana. Nilishika la pili, kwamba atakaa.

Wiki ya kwanza haikuisha. Jumamosi nilizianika betri kwa uaminifu wote, baba akawasha, redio ikakohoa na kunyamaza. Nikaona aibu mpaka masikioni. Koku akasema, kwa ile sauti yake ya mgeni anayeomba maji, "Mjomba, naomba nizijaribu moja moja." Akachukua balbu ya tochi na kipande cha waya, akazigusa zote nne. Tatu ziliwasha balbu, moja haikuwasha. "Hii ndiyo inawachosha wenzake," akasema. Baba alibadilisha hiyo moja tu, na redio ikapiga wiki tatu bila kuguswa.

"Kumbe kwenye ukoo tuna fundi!" baba akasema, na akacheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika ile betri iliyokufa, maana mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuitupa, na nikahisi kwamba tunafanana.

Tangu siku hiyo betri zikawa za Koku. Mambo hayakuishia hapo. Pembeni ya kiti cha baba kulikuwa na kigoda ambacho nilikuwa nakikalia jioni wakati wa redio. Baba hakuwa amekiandika jina langu, ila kila mtu nyumbani alijua ni cha nani. Koku akakikalia. Mimi nilipenda mpira na nyimbo, na matangazo ya vifo yakianza nilikuwa naondoka, kwa sababu yalikuwa marefu na yamejaa majina ya watu nisiowajua: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie wafuatao popote walipo. Koku alifanya kinyume. Nyimbo zilimpita. Matangazo yakianza, ndipo anapokuja, anakaa wima, mikono katikati ya magoti, hapepesi macho. Yakiisha anavuta pumzi, anainuka, anakwenda kuosha vyombo akiimba kwa sauti ndogo.

Nilimwelewa vizuri kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Anajitia ukubwa. Anasikiliza vifo ili baba aone kwamba yeye si mtoto kama mimi. Na baba aliingia mtegoni, kwa sababu saa ilipofika alikuwa anaita, "Koku, njoo, yanaanza," wala hakuniita mimi. Nilikaa jikoni na mama, nachambua mchele, nasikia mgongoni mwangu sauti ya mtangazaji na ukimya wa wale wawili, ukimya ambao nilikuwa tayari kutoa meno yangu yote ya mbele ili niwemo ndani yake.

"Una nini wewe?" mama aliuliza. "Unachambua mchele au unautukana?"

Likizo ikaingia, na mimi nikapata wazo. Koku alikuwa anasifiwa kwa sababu betri zinakaa. Zisipokaa, hana sifa. Kila asubuhi baba akishatoka, na Koku akishatumwa maji au sokoni, nilinyanyua kile kitambaa cheupe alichofuma mama, nikawasha redio, nikazungusha sauti hadi ikapotea kabisa, nikafunika. Kisha nikakimbilia kwenye majabali kucheza, na katikati ya mchezo nilikuwa nawaza kuhusu ile redio inayosema peke yake chini ya kitambaa, na moyo wangu unajaa raha ambayo sijawahi kuipata tena mahali popote, hata chuo kikuu.

Betri zilikuwa sugu kuliko nilivyotarajia. Jioni nilikuta redio imezimwa, nikadhani mama ameizima alipokuwa akifuta vumbi, maana mama hakuwa mtu wa kuuliza maswali ya redio. Kesho yake nikaiwasha tena. Siku zikapita. Sauti ikaanza kupungua, ila kidogo sana, na baba akawa anasogeza kiti karibu. Koku alizianika, akazijaribu kwa balbu, akatikisa kichwa. Kila alipotikisa kichwa, mimi nilipata kipande cha kigoda changu.

Siku ambayo nataka kuizungumzia, Koku alirudi kutoka sokoni mchana na ndizi mbivu nne, zile fupi tamu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Akanijia, akanipa zote nne bila kusema kitu, akaingia ndani. Nilizila moja baada ya nyingine, nikijiambia kwamba hata sokoni anapendwa, hata wauza ndizi wanampa zawadi, na sasa ananitupia makombo ya mapenzi ya watu. Hayakuwa makombo. Zilikuwa nne na alikuwa amebaki mikono mitupu. Lakini wivu hauna hesabu nzuri.

Jioni baba akanyanyua kitambaa, akaweka kiganja mgongoni mwa redio. "Ina joto," akasema. Akapandisha sauti. Ikatoka sauti nyembamba kama uzi, ikataja saa, ikakatika. Baba akaipiga kofi, akaitikisa, akaitega upande. Kimya. Matangazo yalikuwa ndiyo kwanza yanataka kuanza.

"Nani ameiacha redio imewaka?"

Sikungoja swali lipoe. "Nimemwona Koku akiishika mchana," nikasema. Sikuwa nimemwona. Nilikuwa juu ya jiwe nakula ndizi zake.

Baba akamgeukia polepole, kama mtu ambaye hataki kufika. "Koku?"

"Ni mimi, mjomba," Koku akasema. "Nisamehe."

Hakulia, hakuniangalia. Nilishangaa mtu anavyoweza kukubali kosa ambalo si lake, na kwa sababu sikuelewa, nikamdharau. Baba akasema kuanzia kesho betri ataanika mwenzake. Nilikuwa nimeshinda. Kesho yake nilizilaza juu ya jiwe, nikazigeuza, nikazipima kwa shavu, na hazikufufuka. Jioni hiyo pia redio ilikaa kimya.

Siku ya nne mtu wa kwao Koku alishuka kwenye meli akaja moja kwa moja kwetu, viatu vyake vikiwa na vumbi jekundu. Alikaa, akapewa maji, hakuyanywa. Shangazi alikuwa amefariki. "Tulitangaza redioni jioni mbili," alimwambia baba, bila kulaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tuliwangoja mpaka saa kumi. Ndipo tukazika."

Mama alimkumbatia Koku. Baba aliiangalia redio. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaelewa mtu anayekaa wima akisikiliza majina. Alikuwa anahakikisha kwamba jina moja halimo.

Koku aliondoka na baba kwenda matanga na hakurudi. Kulikuwa na wadogo zake wawili wa kulea. Mimi nikarudishiwa kigoda, betri, shule, kisha shule nyingine kubwa zaidi. Yeye akabaki na jembe. Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo nilimhurumia tu. Ukweli ni kwamba niliendelea kumwonea wivu, kwa bidii. Kahawa yake ilistawi, migomba yake ikawa mfano kijijini, wale wadogo zake wakasoma na kumjengea nyumba. Ana simu ambayo, kama anavyotangaza kwenye kundi la ukoo, inakaa na chaji siku mbili. Na katika kila harusi na kila msiba, mtu akiikumbuka redio ya baba, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi na kusema, "Koku ndiye aliyetuulia!" Watu wakacheka. Koku naye alicheka. Nilisema hivyo hata kwenye matanga ya baba mwenyewe.

Nilitoka kwa Nyanzala nikafika nyumbani, nikaiweka simu kivulini hadi ikapoa, nikampigia kabla sijapata muda wa kunywa maji, maana najijua.

"Habari za huko, dada?"

"Nzuri, mdogo wangu. Hiyo simu yako leo inakaa?"

"Nimeipeleka kwa fundi. Kumbe kulikuwa na redio inapiga humo ndani, sauti imeshushwa mpaka mwisho."

Nikasikia kuku, na mtu akipasua kuni kwa mbali. Halafu Koku akacheka kidogo, puani.

"Hujaacha tu?" akasema.

Nilikuwa nimeandaa sentensi nne nzuri za kuungama. Zote zikaanguka sakafuni.

"Ulijua?"

"Mgongo wa redio haufichi kitu. Kila siku nikirudi na maji nilikuwa naigusa. Ina joto. Naizima, nafunika. Nikasema atachoka."

"Kwa nini hukusema kwa baba?"

"Nilikuwa kwenu, mimi. Mtu yuko kwa watu, ataanza kumshtaki mtoto wa nyumba?"

"Na siku ile?"

"Unamkumbuka yule mama wa kwetu aliyekuwa akiuza ndizi sokoni? Yule mkali, ukigusa ndizi bila kununua anakupiga kofi. Siku ile aliniita. Akanishika kichwa, akanijazia ndizi mkononi, hakutaka chochote. Kisha akageuka upande, akajifuta na kanga. Mtu kama yule, mdogo wangu, hakupi kitu bure."

"Alikuwa amesikia."

"Alikuwa amesikia. Ndizi zake zilikuja na meli, na habari za kwetu pia. Na mimi nikajua, ila nikawa sijui. Nikafika nyumbani, nikaigusa redio. Ilikuwa imewaka. Nikaiacha."

"Uliiacha."

"Niliona kwamba jina lisiposomwa, mtu hajafa. Nikasema basi, iishe. Mjomba alipouliza nani ameiacha imewaka, ulitaka niseme nini? Wewe uliwasha. Aliyeiacha ni mimi."

Nilitafuta moyoni mwangu ile nafuu ambayo mtu anapaswa kuipata. Nilichokikuta, Mungu anisamehe, ni kile kitu cha zamani kikiwa bado kinapiga kimyakimya: hata hii. Miaka yote nimelibeba kosa langu kubwa kuliko yote kama mali yangu, na sasa Koku amelijaribu kwa balbu yake na kukuta ni lake.

"Mimi niliiwasha kwa wivu, dada," nikasema. "Nilitaka baba akuone hufai."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nakuonea wivu."

"Wewe? Kwa lipi?"

"Mama yako alikuwa anakufokea kutwa nzima. Nilikuwa nakaa pale nje nasikiliza."

Simu ilikuwa imeanza kupata moto tena, sasa kwa haki yake, ikiniunguza sikio. Sikuihamisha.

"Zile ndizi sikuweza kuzila," Koku akasema. "Unakumbuka nilimpa nani?"

"Ulinipa mimi. Zote nne."

"Nilitaka kukuuliza siku zote," akasema. "Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu, dada."